Misumari ya Reli katika Jabali la Mjomba

Katika maisha yangu nimefukuzwa kwa hati mahali pamoja tu, na hati yenyewe niliiandika kwa mkono wangu. Kwingine kote niliondoka kwa hiari, mara nyingi kabla wenyeji hawajapata nafasi ya kunichoka. Nimesimamia magunia bandarini, nimekata tiketi katika vituo vya reli ambako treni ilipita mara mbili kwa juma, nimefundisha hesabu kwa mwaka mmoja na nusu katika shule ya misheni. Sasa nimevuka miaka arobaini, na kiangazi kikianza nyayo bado zinaniwasha. Lakini nikiulizwa ni wapi ninapopakumbuka kwa shukrani kuliko pote, sitaji mji hata mmoja. Nataja jabali lililo upande wa Pangi, ambako nilikaa siku moja na nusu.

Wabelgiji walikuwa bado wanatawala. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani msaidizi katika karakana ya reli pale Kindu. Baba yangu alikuwa mshonaji, mwungwana wa mjini, mtu wa kanzu safi na maneno mengi barazani. Mama alitoka msituni. Nyumbani kwetu Ijumaa ilikuwa ya baba, na hadithi zilikuwa za mama. Alizoea kutusimulia kijiji chao cha zamani kilichokuwa chini ya jabali, kabla serikali haijawaamuru watu wote wahamie kando ya barabara. Watu walihama na kuku na vyungu vyao. Wafu walibaki, na bibi yangu mzaa mama akiwa mmoja wao. Mama alizikwa Kindu, mbali na mama yake, na katika ugonjwa wake aliniuliza zaidi ya mara moja, "Lile kaburi, nani analifagia?"

Jibu nililijua: mjomba, kaka yake, lakini kwa siku tatu tu katika mwaka. Kampuni moja ya madini ilikuwa imepewa eneo lote la pale. Haikuwa na haja na jabali wala makaburi. Ilitaka kijito kinachopita chini yake, ambacho mchanga wake ulikuwa na madini ya bati. Mti ulilazwa njiani kuwa kizuizi, mlinzi akawekwa, na aliyekamatwa ng'ambo ya ule mti bila karatasi alihesabiwa mwizi wa madini.

Mjomba alikwenda kwa mtawala wa wilaya kuomba ruhusa ya kutembelea makaburi. Akakataliwa. Akaenda tena, akakataliwa tena. Mara ya tatu hakutaja makaburi, aliomba asali. Juu ya jabali kulikuwa na tundu la nyuki ambalo ukoo wetu ulilivuna tangu zamani, na asali ni jambo ambalo ofisi ililielewa. Akapewa karatasi: siku tatu kila kiangazi, yeye na watu wa nyumba yake, wapande kwa njia ya wazee wao. Wasiingize chuma chochote isipokuwa kisu kimoja, maana chuma ni chombo cha mwizi wa madini. Na mwaka ambao hawatapanda, ruhusa itakuwa imekwisha.

Basi asali ndiyo iliyokuwa mlango wa makaburi. Mjomba alipanda kila mwaka, mpaka kiangazi kile ambacho mama mmoja muuza mawese alishuka kutoka kwenye lori, akaja moja kwa moja karakanani, akasimama mlangoni na kunitolea ujumbe mbele ya mafundi wote, kwa Kiswahili cha kwetu ambamo "njo" ni "ndiyo" au "ndiye".

"Mujomba wako anasema goti imekataa. Anasema mwaka huu akikosa muntu wa kupanda, karatasi inakufa. Anasema wewe njo mwanaume aliyebaki."

Mafundi walicheka sana. Hakuna aliyewahi kuniona nikipanda kitu kirefu kuliko kiti.

Nilipata likizo ya siku kumi na kibali cha kusafiri. Nilinunua kikapu cha samaki wakavu wa Lualaba kuwa zawadi, na chini ya samaki, ndani ya majani ya migomba, nikaweka misumari minne ya reli niliyoiokota kwenye chuma chakavu: minene kama dole gumba, mirefu kama kiganja. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mitatu mahali ambapo kila kitu kinachoshika kitu kingine ni chuma, na niliposikia kwamba mjomba hupanda jabali kwa vipande vya miti, nilimwonea huruma. Nilidhani ninampelekea maendeleo.

Nilivuka mto kwa mtumbwi, nikapanda lori, nikashuka, nikatembea siku nzima. Mjomba nilimkuta mwembamba, amefunga goti kwa kitambaa, fimbo mkononi. Pamoja naye alikuwa binti yake, aliyenizidi miaka mitatu au minne. Alikuwa ameolewa kijiji cha pili, lakini kila kiangazi alirudi kumshikia baba yake kamba. Alinitazama mikono.

"Baba, hii ni mikono ya kuandika barua."

"Barua nayo ni kazi," mjomba alisema.

"Ndiyo. Basi ataandikia nyuki watoke."

Kesho yake alfajiri tulifika kwenye kizuizi. Mlinzi alikuwa askari mzee mstaafu, mtu wa mbali, mwenye kofia nyekundu iliyofifia kwa jua. Kwa miaka sita alikuwa amefungua mifuko ya nyumba ile, wakiingia na wakitoka, na walikuwa wamezoeana kama watu wanaotaniana kanisani.

"Huyu njo nani?"

"Mupwa wangu," mjomba alijibu. "Mutoto wa dada yangu, wa Kindu."

"Kindu! Basi anajua kupanda ngazi ya meli tu."

"Hata ile," binti wa mjomba alisema, "anangoja meli ilale kwanza."

Mlinzi akacheka, kisha akauliza kwa sauti nyingine, ile ya kazi, "Chuma?"

"Kisu kimoja cha asali, kama siku zote."

Hapo ndipo nilipojua sharti la chuma. Ningeweza kusema. Ningesema, mlinzi angenitukana kidogo, angeiweka misumari kibandani pake, na hadithi ingeishia hapo. Nilinyamaza kwa aibu. Mlinzi alifunua kikapu changu, harufu ikampanda puani.

"Samaki wa Lualaba! Iko na mifupa?"

"Iko na mifupa mingi, baba."

Akachukua mmoja wa juu, akanishukuru, akainua mti.

Tulitembea saa moja zaidi, kwa mwendo wa goti la mjomba. Kijiji cha zamani kilikuwa kimerudi kuwa msitu, lakini michikichi iliyopandwa na watu hujulikana, ilisimama kwa mistari. Makaburi yalikuwa nyuma yake, chini kabisa ya jabali, yamezungushiwa mawe ya kijitoni. Tulifagia asubuhi nzima. Sijui kwa nini kazi ile haikunichosha, mimi ambaye hata baraza ya nyumbani niliifagia kwa kulazimishwa. Tulipofika kwa bibi, mjomba aliketi chini kwa shida, akalinyoosha goti, akasema naye kama mtu anayezungumza kupitia ukuta wa jirani.

"Mama, mutoto wa binti yako amefika. Anaogopa, lakini amefika."

Niligeuka kutazama jabali ili wasinione uso. Lilikuwa la kijivu, urefu wa michikichi mitatu iliyopandana, na ufa mmoja ukilipasua kutoka chini mpaka kwenye tundu jeusi karibu na kilele. Mahali pengine ufa uliingia ngumi, mahali pengine kidole tu. Jiwe lote lilikuwa tupu. Hapakuwa na kigingi wala kamba kuukuu wala alama ya mtu, ingawa wazee wetu walilipanda miaka isiyohesabika.

Alasiri mjomba alinifundisha kwenye jiwe la chini. Alinionyesha kabari zake: vipande vya mti mgumu vilivyochongwa ncha na kukaushwa mwaka mzima juu ya moshi wa jiko, kila kimoja na kitanzi cha kamba. Unachomeka kabari ndani ya ufa, unaigonga kwa rungu mara tatu, unapitisha kamba yako katika kitanzi. Halafu unaitemea maji. Mti mkavu ukinywa maji huvimba, na ukivimba ndani ya jiwe haung'oki kwa uzito wa mtu. Unahesabu pumzi kumi, ndipo unaegemea. Kwa sababu hiyo mpandaji hupanda akiwa na maji mdomoni, na kibuyu kidogo shingoni cha kuongezea.

"Kabari ni kama mugeni," mjomba alisema. "Amefika mukavu. Umupe maji kwanza, njo umuombe kazi."

"Na kushuka?"

"Jua la saa nane linapiga jiwe. Kabari zinakauka, zinalegea. Wa mwisho anashuka akizitoa kwa mkono, moja moja. Hatuachi hata moja. Ukiacha ngazi, siku moja utakuta muntu juu yake, na hutajua amemuomba nani."

Nilijaribu mara nyingi. Kilichonishinda hakikuwa rungu, ni ule ukimya. Nimezaliwa katika nyumba ambayo mtu asiyejibu alidhaniwa mgonjwa.

Asubuhi ya pili, umande bado ukiwa juu ya majani, mjomba alinifunga kamba ya kekele, mmea utambaao wa msituni, iliyopasuliwa na kusokotwa ikawa laini, akanivika mfuko wa kabari na kibuyu. Binti yake alishika kamba, nyayo zake zikikita kwenye jiwe. Misumari miwili nilikuwa nimeificha kiunoni chini ya shati. Miwili ilibaki kikapuni na samaki.

Kabari ya kwanza ilishika. Ya pili pia. Kufikia ya tano nilikuwa juu ya paa la nyumba yoyote niliyowahi kuijua, na nilianza kufurahi.

"Muntu wa Kindu!" binti wa mjomba aliita. "Treni inatoka saa ngapi?"

Sikuweza kumjibu, mashavu yalijaa maji. Yeye alijua, na ndiyo ilikuwa raha yake.

"Ameacha kusema! Baba, tumuache huko huko, tumepata amani."

Ya sita. Ya saba. Ya nane ilichelewa, ufa ulikuwa mwembamba, na ya tisa niliigonga polepole, nikipumzika kila pigo.

"Umelala? Tukuletee godoro?"

"Nyamaza, wewe!" nilisema.

Maji yalimwagika kidevuni, yakaingia kifuani. Ningepaswa kunywa mengine kutoka kibuyuni na kuitemea ile kabari. Lakini nilikuwa na hasira na haraka, na nilitaka kumwonyesha. Niliiegemea kavu.

Ilitoka kama mbegu ya papai inavyotoka katikati ya vidole. Nilianguka kimo changu, kamba ikanibana mbavu, kichwa kikapigwa na ukuta. Kabari ya nane, iliyokuwa imekunywa maji yake, ilinishika. Nilining'inia hapo nikisikia vipande vya kibuyu vikifika chini, kimoja kimoja.

"Uko muzima?" Sauti yake haikuwa na mzaha tena.

"Niko muzima."

"Shuka," mjomba alisema. "Utaanza upya."

Lakini nilikuwa nimepata hofu, na mtu mwenye hofu hurudi kwa mungu anayemjua. Nilijivuta mpaka pale pale, nikautoa msumari mmoja, nikauchomeka katika ufa, na kwa ule wa pili nikaupiga.

Sijasahau ile sauti. Rungu juu ya kabari hutoa sauti ya mtu anayetwanga nyumba ya jirani. Chuma juu ya chuma, katika jabali lile, kililia kama kengele, na bonde zima likaitika. Nilipiga mara nne kabla sijatazama chini. Nilipotazama, mjomba alikuwa amesimama bila fimbo yake.

"Toa," alisema.

Nilivuta. Nilisukuma juu, nikasukuma chini. Msumari ulikuwa umeingia zaidi ya nusu, na jiwe lilikuwa limeukumbatia. Jasho likanilowesha vidole, ule wa pili ukaniponyoka, ukaenda ukilia jiwe kwa jiwe mpaka chini. Kutoka pale juu niliona njia tuliyokuja nayo, na baada ya muda nikaona nukta nyekundu ikipita katikati ya miti. Ilikuwa kofia ya mlinzi. Kuna watu hupita miaka bila kusikia kitu walichowekwa wakisikilize. Yeye alikuwa amekisikia.

Nilielewa basi kile nilichokuwa nimekishika. Karatasi ilisema bila chuma. Kama mlinzi angefika na kuukuta msumari katika jabali, angeandika hivyo, na bibi yangu asingefagiliwa tena na mtu yeyote.

"Baba, shika kamba," nilisikia binti wa mjomba akisema. "Shika ya kwake na hii ya akiba. Ninapanda."

"Wewe hujawahi."

"Miaka yote njo ninaitazama hiyo ufa kuliko uso wa bwana yangu. Shika."

Mjomba aliketi, akakita mguu mzima kwenye jiwe, akashika kamba mbili kwa mikono yake miwili. Binti yake akaja. Hakuwa na haraka. Mkono wake ulijua mahali pa kwenda kabla jicho halijafika, na alipopita kila kabari aliigusa kidogo kana kwamba anaisalimu. Alipofika ubavuni pangu mashavu yake yalikuwa yamevimba maji. Tangu tujuane, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona kimya.

Alinipa kibuyu chake, akanionyesha mdomo wangu kwa kidole: jaza. Nikajaza. Alichomeka kabari kavu juu ya msumari, mimi nikachomeka nyingine chini yake, tukazigonga taratibu kwa zamu. Kisha tukatema, yeye ya juu, mimi ya chini. Tukajaza tena, tukatema tena. Halafu tukangoja, nyuso zetu zimekaribiana, bila neno. Nukta nyekundu ilikuwa imefika kwenye michikichi ya kwanza.

Mti ukinywa maji hulia kidogo, mlio kama wa kiti kikuukuu. Niliusikia kwa sababu nilikuwa nimenyamaza. Kabari zilikuwa zinaisukuma midomo ya ufa iachane, unene wa unywele, labda wa nywele mbili. Binti wa mjomba alishika kichwa cha msumari, akautikisa. Ukatikisika kama jino la mtoto. Akauvuta, ukatoka, akauweka kiganjani mwangu na kunikunja vidole.

Nilidhani tutashuka pamoja. Yeye alitazama juu. Akanivua mfuko wa kabari, akauvaa, akavuta kwa kamba kikapu cha asali na kinga cha moto ambacho mjomba alikuwa amekifunga tayari, na kwa kidole akanielekeza chini. Kisha akaendelea kupanda.

Nilipofika chini nilimwuliza mjomba, "Niutupe huu msumari?"

Msitu ulikuwa hatua kumi. Mjomba hakuondoa macho kwenye kamba ya binti yake.

"Amesikia chuma. Asipokiona, atatafuta kilipo kwa watu anaowajua. Njo sisi."

Basi nilikwenda kwenye kikapu cha samaki, nikatoa ile miwili, nikaokota ule ulioanguka, nikasimama njiani nikiwa na misumari yote minne mikononi. Mlinzi alitokea akitweta. Alinitazama mimi, akatazama jabali kwa muda mrefu, ufa wote, kutoka chini mpaka juu.

"Njo ile mifupa ya samaki," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ya nani?"

"Ya mimi peke yangu. Hawakujua."

"Sema tena."

"Ya mimi. Niliificha nikakudanganya. Mjomba hakujua, binti yake hakujua."

Alivua kofia, akajipangusa. "Miaka sita ninafungua mifuko ya nyumba hii. Sikukuta hata sindano." Akanyoosha mkono, nikampa misumari, akaipima uzito mmoja mmoja. "Sikia, muntu wa Kindu. Kama chuma iko ndani ya jiwe, ninaandika jiwe. Kama iko ndani ya mukono, ninaandika mukono. Mimi nimekuta iko ndani ya mukono."

Mjomba, akiwa bado ameshika kamba, alifumba macho kidogo.

"Ila kuandika," mlinzi aliendelea, "mimi sikusoma. Kila jioni kapita, musimamizi wetu, njo anaandika, na kapita anaandika mabaya kuliko ninayosema. Wewe umesoma?"

"Nimesoma sekondari."

Akatoa daftari la kizuizi na penseli. "Andika wewe. Na ile Kifaransa uweke, kapita anaipenda."

Niliketi juu ya jiwe la mpaka wa kaburi, nikaandika kwa lugha mbili. Niliandika kwamba mimi, karani wa Kindu, nilikamatwa na misumari minne ya reli niliyoiingiza kwa siri. Kwamba watu wa nyumba hawakuhusika. Kwamba jabali lilikaguliwa na halikuwa na chuma. Mlinzi alisema, nami nikaandika, "Mtu huyu asipite tena kizuizi hiki, maisha yake yote." Ningeweza kuandika mwaka mmoja. Asingejua. Lakini alikuwa ametenganisha mkono na jiwe kwa ajili yetu, na sikuona jinsi ya kumlipa ila kwa kuandika sawasawa alivyosema. Nilimsomea. Akaweka alama yake, nami nikatia sahihi.

"Sasa twende. Wewe na mimi," alisema.

Niliomba kuaga. Mjomba hakuweza kunipa mkono, yote miwili ilikuwa na kazi. Nikamgusa bega.

"Umefagia kwa bibi yako," alisema. "Nenda salama, mupwa. Na jifunze kumeza maneno."

Kwa hiyo sikuiona siku ya tatu, wala sikuona kabari zikitolewa. Lakini kwenye kona ya njia mlinzi mwenyewe alisimama, akageuka, akanigusa kiwiko. Juu ya jabali, penye tundu, moshi ulikuwa unatoka, na kando ya moshi palikuwa na mtu, mdogo kama siafu, mkono mmoja ndani ya jiwe.

"Ni ile mwanamuke?" aliuliza.

"Ndiye."

"Hm!" Tulitazama wote wawili. "Na wewe ulileta misumari."

Alinicheka njia nzima mpaka kizuizini. Hapo akanipa nusu ya samaki wangu mwenyewe, aliyekuwa amemchoma asubuhi, nikala kabla sijavuka.

Baada ya majuma matatu, yule mama muuza mawese alisimama tena mlangoni pa karakana. Alikuwa na chungu kidogo kilichofungwa jani, na juu ya jani kabari moja. "Mujomba wako anasema karatasi iko hai," alitangaza mbele ya mafundi. "Anasema sasa iko na mupandaji wa kweli." Walicheka tena, nami nikacheka nao, mdomo umejaa asali. Na kila kiangazi kilichofuata, popote nilipokuwa nimetangatanga, chungu kilifika Kindu kwa dada yangu, kikaningoja.

Bendera ilipobadilishwa, kampuni iliondoka, na ule mti wa kizuizi ukaoza njiani. Mlinzi alikuwa amerudi kwao zamani. Hapakuwa na mtu wa kunizuia, lakini nilichukua miaka kadhaa kabla ya kwenda. Nilikuwa nimetia sahihi. Mwishowe nilimwandikia binti wa mjomba nikimwomba ruhusa yeye, na jibu likaja kwa mdomo wa dereva wa lori: nije, ila mifuko itafunguliwa.

Aliifungua kweli. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Mjomba alikuwa amelala kando ya mama yake, chini ya jiwe, na kaburi lake nilifagia kwanza. Kisha nikatazama juu. Walikuwa wamepanda kila mwaka, yeye na binti zake wawili watu wazima, na jabali lilikuwa tupu kama siku ile ya kwanza. Nilijaribu kuutafuta mstari wa kabari zangu, nisiuone. Nilimshukuru Mungu kwa jiwe lile tupu jinsi wengine wanavyoshukuru kwa nyumba iliyojaa.

"Iko alama moja," binti wa mjomba alisema.

Akanionyesha kwa kidole. Juu, penye kabari ya tisa, palikuwa na doa la kutu, dogo kama ukucha.

"Haitoki?"

"Tumesugua. Haitoki." Alikuwa anaanza kutabasamu. "Lakini inatusaidia. Binti zangu wakifika pale, ninawaambia wajaze maji mdomoni vizuri. Ninawaambia, pale njo mahali mujomba wenu wa Kindu alinijibu."